Kipimo cha Mpakani na Sufuria ya Mkulima

Mhadhara kwa wakulima, wafanyabiashara wa nafaka na wanafunzi wa kilimo



Nimekuja kuzungumza juu ya namba moja, nayo ni 10. Kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha mwaka 2017 kinataka mahindi ya kuliwa na binadamu yasiwe na sumukuvu ya aflatoksini inayozidi maikrogramu 10 katika kilo moja, na ile iliyo kali kuliko zote, aflatoksini B1, isizidi 5. Maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kwa hesabu hiyo gunia la kilo 100 linaruhusiwa kubeba miligramu moja tu ya sumu, sawa na chembe chache za chumvi ya mezani zilizotawanywa katika punje laki tatu za mahindi. Haina harufu wala ladha. Punje yenye ukungu wa kijani inakutia shaka, lakini ipo punje inayong'aa kabisa na ndani imebeba sumu. Kwa jicho, kwa pua na kwa ulimi, mkulima hana namna ya kujua.

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilimwandikia kamishna wa forodha barua ya kuzuia mahindi yote kutoka Tanzania na Uganda, kwa maelezo kwamba yamekuwa yakikutwa na sumukuvu iliyopita kiwango. Malori yakasimama mpakani Namanga. Siku tano baadaye zuio likalegezwa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, kila shehena iwe na cheti kwamba haizidi ile 10, na ijulikane mahindi yametoka wapi. Magazeti ya pande zote yaliandika habari za ujirani, siasa na biashara. Mimi nilibaki nikimfikiria mtu ambaye hakutajwa sana. Mwenye lori akishajua kwamba mzigo wake unaweza kurudishwa mpakani, safari ijayo ataikata hatari hiyo kwenye bei ya kununulia. Dalali naye atakata kwake. Mwisho wa mnyororo huo yuko mkulima ambaye hakupimiwa hata punje moja, hajui kama mahindi yake ni safi au yana sumu, na amelipishwa yote mawili.

Nitamke msimamo wangu mapema ili tusipotezane njiani. Namba ile ni ya haki, na sitaki ilegezwe hata kidogo. Ninachokipinga ni mahali tunapopimia, na mtu tunayemwachia gharama ya kipimo hicho.

Kwa nini nasema ni ya haki? Sumu hii ilianza kujulikana mwaka 1960 nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza, yaani la vitu ambavyo imethibitika vinamletea binadamu saratani. Hapa kwetu iko sababu ya kuiogopa zaidi. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO ilikadiria kwamba nguvu ya aflatoksini ya kuleta saratani ya ini ni mara 30 zaidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B kuliko kwa asiye navyo, na virusi hivyo vimeenea zaidi Afrika kuliko Ulaya. Ongeza na hili: sisi hatuli mahindi kama kitafunwa. Ni uji asubuhi, makande mchana, ugali usiku, na mtoto wa miezi saba anaanzishiwa uji wa lishe wenye mahindi na karanga, mazao mawili yanayopendwa na kuvu anayetoa sumu hii kuliko mengine yote. Sumu kidogo katika chakula kinacholiwa kila siku si kidogo tena. Na moto wa jikoni hauiondoi. Ugali ukiiva, sumu bado imo.

Hayo ni madhara ya polepole. Yapo pia ya haraka, na watu wa ukanda wetu wameyaona kwa macho yao. Mwaka 1981 watu 20 waliugua huko Machakos na 12 wakafa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliripotiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu: katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68 na 20 wakafa. Macho ya manjano, tumbo kujaa maji, kutapika, ini kushindwa kazi ndani ya siku chache. Mwanzoni ndugu wa wagonjwa hawakuelewa ni ugonjwa gani huu unaopita nyumba hata nyumba ukiwachukua watoto kwanza.

Hebu tubaki na mwaka 2004, kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jambo langu. Wakati ule Kenya ilikuwa na kiwango cha 20. Watafiti walichukua mahindi na unga kutoka kwa wauzaji wa wilaya zilizoathirika wakakuta asilimia 55 ya sampuli zimepita kiwango hicho, asilimia 35 zimepita 100, na asilimia 7 zimepita 1,000. Walipowalinganisha waliougua na majirani zao wazima, tofauti iliyojitokeza ilikuwa nyumbani: waliougua walikuwa wakila zaidi mahindi ya shambani kwao wenyewe, tena yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Ulikuwa mwaka wa njaa, watu walivuna mapema na kuingiza mahindi chumbani wakiogopa wezi. Mahindi hayo hayakupita mpaka wowote. Hayakuingia kiwandani, hayakukaguliwa na afisa wa viwango. Yalitoka shambani yakaenda chumbani, yakatoka chumbani yakaingia sufuriani.

Kiwango kilikuwepo, kimeandikwa na kupitishwa, na hakikumkinga hata mmoja wa hao 125. Kilikuwa kinapima kile kinachouzwa mbali. Wao walikuwa wanakula kile kilichobaki.

Sasa tuangalie sumu inavyoingia, kwa kifupi, maana wanafunzi mnayajua haya darasani na wakulima mnayajua kwa jembe. Kuvu anayeitwa Aspergillus flavus anaishi kwenye udongo wa joto. Mvua ikikatika mahindi yakiwa yanajaza punje, mmea unadhoofika, wadudu wanatoboa gunzi, na kuvu anaingia humo. Ndiyo maana Dodoma, Kitui na Makueni zinatajwa tena na tena: ni nchi za joto na mvua za kubahatisha. Nyanda za juu, kule Mbeya na Njombe ambako kuna baridi na mvua ndefu, wana kuvu mwingine wa Fusarium na sumu yake ya fumonisini, ambayo kiwango chetu kinaikomea kwenye miligramu 2 kwa kilo. Kwa hiyo hata kabla ya kuvuna mkulima wa nchi kame amekwisha kubebeshwa mzigo ambao hakuutafuta. Ila kinachoikuza sumu kutoka kidogo hadi kuua ni yanayofuata baada ya kuvuna: mahindi kulala chini, kupigwa kwa fimbo ndani ya gunia mpaka punje zinapasuka, kuanikwa juu ya udongo ule ule anakoishi kuvu, na kufungwa yakiwa bado na maji. Kiwango kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Hapo kuvu anakosa maji ya kuishi.

Twendeni pembeni ya mzani, katika kijiji kimojawapo cha Kongwa, mwezi wa Juni. Mnunuzi anachoma gunia kwa bambo, punje zinamiminika kiganjani. Anatazama rangi, anatupa moja mdomoni, anaing'ata. Ikipasuka kwa mlio, kavu. Ikibonyea, anatikisa kichwa.

"Mama, haya yana maji."

"Maji gani, mwanangu? Wiki nzima yako juani."

"Juani yapo, lakini hayajakauka. Nakupunguzia hamsini kwa kilo."

"Punguza ishirini basi. Mtoto anasubiriwa shule."

Wanaelewana kwenye thelathini, gunia linapanda mzani. Zimepita dakika mbili. Katika dakika hizo mbili hakuna aliyetaja sumukuvu, na hakuna aliyepima unyevu kwa kifaa. Mahindi hayo yatachanganywa na ya nyumba nyingine arobaini, yatafika soko la Kibaigwa, yatapakiwa upya, na kama yanakwenda Kenya yatakutana na kipimo cha kwanza cha sumu maishani mwake yakiwa yamekwisha kuwa tani 30 zisizojulikana wenyewe.

Nataka tufanye hesabu ya huyu mama, kwa sababu wataalamu wengi huwa tunairuka, kisha tunawalaumu wakulima kwamba hawaaniki vizuri. Chukua kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18. Ndani yake mna kilo 82 za chakula na kilo 18 za maji. Ukiyakausha mpaka asilimia 13.5, chakula ni kile kile, ila uzito wote unashuka mpaka kilo 95 kasoro kidogo. Kilo tano na ushee zimekwenda hewani. Kama bei ya kilo ni moja kwa kavu na kwa bichi, aliyetii kiwango amejipunguzia mapato ya kilo tano kwa kila gunia, na juu yake amenunua turubai, amepoteza siku za kulinda mbuzi na kuku, ameamka usiku kufunika kwa sababu kumenyesha. Jirani yake aliyeuza bichi amelipwa kilo 100 kamili na ameshapeleka ada. Panapouzwa kwa debe mambo ni yale yale, kwani punje iliyovimba kwa maji hujaza debe upesi. Hata lile punguzo la shilingi thelathini linakatwa kwa kung'ata na kubahatisha, kwa hiyo aliyekausha vizuri naye anaweza kukatwa asipojua kubishana. Soko letu linalipia maji. Halafu tunashangaa linapata maji.

Mnisamehe nikikaa zaidi hapa, ila ndipo penye uamuzi. Mashine ya kupima unyevu ya kushika mkononi ipo, inatoa jibu papo hapo, na chama kimoja cha msingi kinaweza kuwa nayo na ikawatumikia wanachama wote. Hata asiye na mashine anaweza kutumia chupa kavu na chumvi kavu: unatia mahindi na chumvi, unatikisa, unaacha dakika chache, chumvi ikigandama kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji ya kukuletea balaa. Maarifa hayo mama yule anayo, au atayapata kwa somo la asubuhi moja. Asichokuwa nacho ni mnunuzi anayeongeza bei akiona chumvi haikugandama.

Halafu kuna suala la sampuli, na hili wafanyabiashara mtaniunga mkono. Nimesema gunia lina punje laki tatu, maana kilo moja ina kama 3,000. Sumukuvu haisambai sawasawa kama sukari kwenye chai. Inakaa katika punje chache zilizooza ndani ya gunzi moja au mawili. Maabara zimewahi kupima punje moja ya mahindi ikawa na zaidi ya maikrogramu 100,000 kwa kilo. Saga punje moja ya namna hiyo pamoja na nyingine 2,999 zilizo safi kabisa, na kilo nzima itasoma zaidi ya 30, mara tatu ya kiwango. Sasa fikirini lori la tani 30. Bambo likichomwa kwenye gunia hili, mzigo ni salama. Likichomwa kwenye gunia la jirani yake, mzigo unarudi. Cheti kilichotolewa Dodoma kinaweza kuwa cha kweli, na kukataliwa kwake mpakani kukawa kwa kweli vilevile, bila mtu yeyote kughushi wala kula rushwa. Tiba yake inajulikana: kuchoma magunia mengi, kukusanya kilo kadhaa, kuzisaga zote, kuzichanganya, ndipo upime. Inahitaji muda na kinu kizuri. Pale mpakani, foleni ikiwa ndefu na dereva analipiwa kwa siku, hicho ndicho kinachokuwa cha kwanza kukatwa.

Na kipimo chenyewe kina bei isiyojali ukubwa wa mzigo. Kupima gunia moja kunagharimu sawa na kupima lori zima. Mwenye tani 30 anaigawa gharama hiyo mpaka inakuwa si kitu kwa kila kilo. Mwenye magunia sita, kipimo kimoja kinaweza kumla faida yote. Ndiyo maana kiwango ambacho kwa maandishi kinamhusu kila mtu, kwa vitendo kinaweza kutimizwa na mkubwa peke yake. Mkulima mdogo si kwamba amekataa kupima. Hesabu imemkatalia.

Nije kwenye swali ambalo nimeshawahi kuliuliza kwenye vikao vingi na kupata majibu machache: mahindi yaliyokataliwa yanakwenda wapi?

Lori likirudishwa, mzigo haupotei. Unauzwa kwa bei ya kutupa kwenye soko lisilopima, au unasagwa kwenye mashine ya mtaani, au unageuzwa chakula cha kuku. Hali ni hiyo hiyo kule kijijini. Mkulima anayejua kidogo anachambua: yale mazuri ya kuuza, yaliyovunjika na yenye rangi mbaya ya nyumbani. Wanawake wanafanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa, ungo mkononi, na kuchambua kunapunguza sumu kweli kweli, kwa kuwa punje mbovu ndizo zinazobeba nyingi. Lakini tazameni zinakokwenda punje zilizochambuliwa. Kadiri soko linavyodai usafi bila kumpa mwenye shamba kitu cha kufanya na kile kichafu, ndivyo kile kichafu kinavyobaki kwenye familia yake. Wengine hukoboa, na kukoboa kunasaidia kwa sababu sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Watu wanakula sembe badala ya dona, pumba anapewa ng'ombe, na sehemu ya sumu inatokea kwenye maziwa anayokunywa mtoto yule yule tuliyetaka kumkinga.

Marekani nao wana joto, wana ukame na wana sumukuvu, hasa Texas na majimbo ya kusini. Kiwango chao cha chakula cha binadamu ni 20, yaani legevu mara mbili ya chetu. Sitaki tuwaige katika hilo. Kinachonivutia ni ngazi waliyoiweka chini yake. Mahindi yaliyozidi 20 hayaruhusiwi kwa binadamu wala kwa ng'ombe wa maziwa, lakini mpaka 100 yanaweza kulishwa ng'ombe wa kuzalisha na kuku waliokomaa, mpaka 200 nguruwe wakubwa wanaonenepeshwa kuchinjwa, na mpaka 300 ng'ombe wa nyama walio katika hatua ya mwisho ya kunenepeshwa. Kwa hiyo mkulima wao akiambiwa mzigo umesoma 150, amepata hasara, ila bado ana mahali pa kuuza na bei ya kuuzia. Ana kila sababu ya kupima na kusema kweli. Wetu akiambiwa 150 ameambiwa kwamba jasho la mwaka ni takataka. Tunamtaka apime, kisha tunampa kila sababu ya kutopima.

Juu ya Ulaya sitasema mengi. Mwaka 2001 wachumi watatu waliofanya kazi na Benki ya Dunia, Otsuki, Wilson na Sewadeh, walikadiria kwamba viwango vipya vya Umoja wa Ulaya vingepunguza mauzo ya Afrika ya nafaka, matunda makavu na karanga kwa asilimia 64, kama dola milioni 670, kwa ajili ya kuokoa maisha ya watu wasiozidi wawili katika kila bilioni kwa mwaka. Takwimu hiyo ilisambaa sana, na bado inasomwa kwenye majukwaa kama ushahidi kwamba viwango ni njama. Wachumi wengine waliopitia mauzo halisi ya karanga miaka kumi na kitu baadaye hawakuona anguko hilo. Kwetu sisi mjadala huo uko mbali na sufuria. Mahindi mengi ya Afrika Mashariki huliwa Afrika Mashariki, na asilimia kubwa huliwa na walioyalima. Anayelindwa na kiwango chetu ni sisi, wala si mlaji wa Hamburg.

Basi nifikie ninachokitaka.

Nataka unyevu upimwe kijijini, kila gunia, kwa mashine, mbele ya mwenye mali, na bei itangazwe kwa uzito mkavu. Mwenye mahindi ya asilimia 13.5 alipwe bei kamili. Mwenye ya asilimia 18 alipwe kwa kilo 95, si kwa 100. Hili halihitaji maabara wala fedha za wafadhili. Linahitaji agizo na wasimamizi wa mizani wanaolifuata, kama tulivyohitaji wasimamizi kuipiga vita lumbesa, ule mtindo wa kujaza gunia kupita kipimo. Siku kavu itakapolipa kuliko bichi, mtaona maturubai yanatoka madukani bila semina.

Sumukuvu yenyewe ipimwe ghalani. Tangu Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 tuna utaratibu wa kukusanya mazao ya wadogo mahali pamoja, na mradi wa kudhibiti sumukuvu wa TANIPAC umetuletea maghala na kituo cha usimamizi wa mazao baada ya kuvuna huko Mtanana, hapa hapa Kongwa. Rundo la magunia mia tatu yaliyokwisha pita kipimo cha unyevu linaweza kubeba gharama ya sampuli iliyochukuliwa kwa utaratibu, tena hapo hakuna foleni ya malori wala dereva anayehesabu siku. Majibu yaandikwe na mkulima apewe nakala, kwa sababu ni mali yake. Leo majibu yakipatikana yanakaa kwa mwenye lori, na yule aliyelima anasikia tu kwamba "mahindi ya huko kwenu yana shida."

Shambani nako tuna kinga. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, wamechukua jamaa wa kuvu huyu wasiotoa sumu, wakawapaka juu ya punje za mtama zilizokwisha uawa ili zisiote. Unazimwaga kwa mkono, kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele, na wale wasio na sumu wanatangulia kushika nafasi. Inaitwa Aflasafe, Kenya waliisajili mwaka 2015, sisi mwaka 2018, na inapunguza sumu kwa asilimia 80 na zaidi. Ni kitu kizuri. Lakini mkulima atainunua kwa fedha yake mwezi wa Februari, wakati ghala tupu, halafu Juni auze kwa bei ile ile ya asiyeinunua? Nigeria waliliona hilo. Mpango wa AgResults uliwalipa waliokusanya mahindi yaliyotumiwa Aflasafe nyongeza ya dola 18.75 kwa kila tani, na matumizi yakapanda. Sisi tumesajili dawa tukasahau bei.

Lililobaki ni gumu kuliko yote: rundo likipimwa na kukutwa na sumu. Hapo ndipo nchi inapaswa kuingia. Mwaka 2004 serikali ya Kenya ilifanya jambo sahihi katika Makueni na Kitui. Wakaguzi walipita nyumba kwa nyumba, wakachukua mahindi yenye mashaka, wakayateketeza, na kaya zikapewa chakula kingine badala yake. Lilifanyika watu wakiwa wamekwisha kufa. Mimi nasema lifanyike ghalani, mwezi wa Juni, kabla gunia halijarudi nyumbani. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua na kuhifadhi mahindi. Sehemu ndogo ya akiba hiyo itengwe kwa ajili ya kubadilishana, gunia safi kwa gunia lenye sumu, na lenye sumu liteketezwe, au lipelekwe kwenye malisho ya ng'ombe wa nyama tukishaandika ngazi zetu wenyewe na kuwa na watu wa kuzisimamia.

Najua pingamizi litakalokuja, na ndugu mmoja amenionyesha kwa kichwa kwamba analo: watu wataleta mabovu kutoka mbali ili wabadilishiwe. Wataleta, kama tutafungua mlango kwa kila mpita njia. Kwa hiyo ubadilishaji uwe wa wanachama walioandikisha ekari zao wakati wa kupanda, wakapimiwa unyevu wakati wa kuvuna, na usizidi magunia ambayo ekari hizo zinaweza kutoa. Orodha hiyo afisa ugani wa kata anaweza kuiandaa mwezi wa Desemba, wakati anapopita kuhesabu mbolea ya ruzuku.